Kuzima gari ukisimama: mwongozo kamili wa kuokoa mafuta bila kuua betri wala stata (Arusha na Moshi)

Pita nje ya shule yoyote hapa Arusha muda wa kuchukua watoto uone, magari yamepangana pembeni ya barabara, vioo juu, AC inapuliza, dereva yuko kwenye simu na injini inaunguruma mpaka kengele inapigwa. Moshi hivyo hivyo, nenda Mbuyuni mtu anamsubiri mama anunue ndizi na nyanya, nusu saa gari imewaka tu. Halafu wengi wetu tukisema tunataka kupunguza mafuta tunawaza kwenye mataa, tuzime pale sekunde arobaini tuwashe tena. Mi naona hela iliyopotea haiko kwenye mataa, iko kwenye kule kusubiri ambako hata hatukuhesabu kama ni safari. Ndo maana nimeandika hii kwa urefu, maana ukijua wapi pa kuzima na wapi usithubutu utaokoa mafuta na gari itabaki salama.

Tuanze na hesabu ili tuelewane. Gari ndogo kama IST, Vitz au Passo ikisimama kwenye sailensa (injini inawaka, gari haitembei) bila AC inakula kama lita 0.7 kwa saa, zingine chini kidogo zingine juu kidogo. Ukiwasha AC inapanda, ichukulie kama lita 1 kwa saa. Bei ya petroli inabadilika kila mwezi, EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, wanatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza, kwa hiyo kwa urahisi tuchukue shilingi 3,000 kwa lita, wewe weka ya kwako.

Sasa angalia. Maabara ya Argonne ya Marekani walishapima hili, wakaona ukisimama zaidi ya sekunde 10 na injini inawaka unatumia mafuta mengi kuliko ungezima ukawasha upya. Hiyo ni kwa gari za injekta, ambazo kompyuta ndo inapima mafuta, sio za kabureta za kizamani. Chukua sasa siku umekutana na mataa mara 10, kila mara umesimama sekunde 40, ukazima zote. Ukitoa zile sekunde 10 za kila kuwasha, umeokoa dakika 5 za sailensa, yani kama shilingi 175. Shilingi 175 kwa kuipiga stata mara 10! Upande wa pili, kusubiri nusu saa moja tu nje ya shule ni lita 0.35, hiyo ni shilingi 1,050, na ukizima umeitumia stata mara moja. Kwa siku 26 za mwezi ni lita 9.1, shilingi 27,300, na ukiwa na AC ni 39,000. Hiyo ni hela, mkuu.

Kwa hiyo sheria ninayoshauri kwa gari ya kawaida isiyo na mfumo wa kujizima: kama una uhakika utasimama zaidi ya dakika moja, zima. Chini ya hapo acha. Sekunde 10 ni hesabu ya mafuta peke yake, dakika moja inaingiza na uchakavu wa stata na betri, na sisi huku stata zetu nyingi zilishafunguliwa na fundi mara kadhaa.

HATUA YA KWANZA: JUA GARI YAKO NI YA AINA GANI

Kama ni haibridi (Prius, Aqua na ndugu zao) usifanye chochote. Yenyewe inazima injini ikisimama na AC yake inaendeshwa na umeme, we iache kwenye READY endesha maisha yako. Kuizima na kuiwasha kila mara hakukupi faida yoyote.

Kama ina herufi A iliyozungushiwa duara kwenye dashibodi au kwenye swichi pembeni, hiyo ina mfumo wa kujizima yenyewe, baadhi ya Vitz za kuanzia mwisho wa 2010 kwenda juu zinao, na baadhi ya Demio, Note na Swift pia. Huu mfumo sio mgeni, Toyota walishaujaribu kwenye Crown miaka ya 1970. Stata ya gari hizi imetengenezwa kwa kazi hiyo na betri yake ni ya aina yake, ukiangalia juu imeandikwa M-42, N-55 au Q-85. Hapa ndo watu wengi wanapoharibu, betri ikifa unaenda dukani unauziwa ya kawaida ya bei nafuu, inaingia vizuri, gari inawaka, baada ya muda mfumo unakataa kufanya kazi au betri inakufa mapema kuliko ulivyotegemea. Ukinunua ya kawaida basi bonyeza ile swichi ya A OFF kila ukiwasha gari, vinginevyo nunua inayotakiwa. Na usishangae asubuhi ya mwezi wa saba Arusha mfumo haujizimi, injini ikiwa ya baridi au betri ikiwa chini inakataa makusudi.

Kama ni kabureta, zile Suzuki Carry za zamani na pickup za kizamani, kuwasha kwake kunakula mafuta zaidi na mara nyingine inasumbua kuwaka ikiwa ya moto. Hiyo zima pale tu unapojua utakaa dakika kadhaa.

Zilizobaki, yani gari nyingi barabarani kwetu, ni injekta za kawaida, na mwongozo huu ni wa kwenu hasa.

HATUA YA PILI: BETRI NA STATA KWANZA

Usianze zoezi hili na betri mbovu, utakuja kusukumwa katikati ya barabara pale Sanawari huku daladala zinakupigia honi. Nunua kile kivoltimita kidogo cha kuchomeka kwenye kiberiti cha gari, au mwombe fundi umeme akupimie. Asubuhi kabla hujawasha, betri nzima inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.4 bado inafaa. Chini ya 12.2 hiyo imeshachoka au haichajiwi, usizime zime kwanza, ipeleke ikaangaliwe. Ukiwasha injini isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi, ikibaki 12 na kitu ujue alteneta haichaji, na hapo ukizima sehemu mbaya ndo umelala hapo.

Fungua boneti uangalie temino za betri. Ule unga mweupe au wa kijani unazuia umeme, ufute kwa maji ya moto na brashi, kaza nati, watu wengi wanabadilisha betri wakati shida ilikuwa hapo tu. Stata nayo sikiliza, ikitoa tik bila kuzungusha injini, au inazunguka kwa kujivuta, itengenezwe kwanza.

Kuhusu hofu ya kwamba kuwasha kunamaliza betri, stata inavuta umeme mkubwa kweli lakini kwa sekunde moja hivi, alteneta inaurudisha baada ya dakika moja au mbili za kutembea. Kinachomaliza betri ni taa kubwa, feni na muziki vikiwa vinaendelea wakati injini imezimwa. Taa kubwa mbili za kawaida peke yake zinavuta karibu ampea 9. Kwa hiyo ukizima, zima na hivyo, redio kwa sauti ndogo haina shida kwa dakika chache.

HATUA YA TATU: WAPI UZIME

Nje ya shule, sokoni, hospitali, ukimsubiri mtu, ukiongea na simu pembeni, zima. Hapo sina hata mjadala. Msafara wa kiongozi, na Arusha kwa mikutano yetu tunaijua misafara, trafiki akishasimamisha magari na ukaona piki piki za mbele bado hazijatokea, zima. Ajali mbele, barabara imefungwa, foleni haijasogea kabisa, zima. Tengeru Jumatano na Jumamosi siku za soko inategemea, kama inasogea mita mbili mbili acha iwake, kama imeganda zima. Desemba watu wakipanda Moshi kwa Krismasi ni hivyo hivyo. Sheli ni lazima uzime, pale ni usalama hata kabla ya kuongelea mafuta.

Makutano ya reli, tangu treni irudi Arusha 2020 ni vizuri kukumbushana, kama treni inakuja na uko nyuma ya mstari, unaweza kuzima. Ila kamwe usizime, wala usisimame, ukiwa juu ya reli.

Usizime ukiwa wa kwanza kwenye mataa, usizime kwenye kipilefti ukisubiri nafasi ya kuingia, usizime kama trafiki anaita magari kwa mkono maana yule anakugeukia muda wowote. Na kwenye foleni ya kusogea kidogo kidogo acha, utaiua stata bure.

Kuna joto pia. Moshi Januari na Februari ukizima AC ndani ya gari panakuwa tanuri haraka sana. Tafuta kivuli, shusha vioo, simu isikae mapajani mahali pa vibaka. Na mtoto usimwache ndani ya gari iliyozimwa hata kidogo, hata kama unaingia dukani mara moja, shuka naye.

HATUA YA NNE: NAMNA YA KUZIMA NA KUWASHA

Gari ya otomatiki yenye ufunguo: simama kabisa, mguu kwenye breki, weka N kama ni foleni au P kama umepaki, vuta handbreki, kisha rudisha ufunguo hatua moja tu mpaka ACC. Usiurudishe mpaka LOCK na usiuchomoe ukiwa barabarani, ukichomoa usukani unajifunga. Handbreki ni muhimu hapa kwa sababu breki ya mguu inasaidiwa na nguvu ya injini, injini ikizima unabaki na akiba ya kukanyaga mara mbili tatu, baada ya hapo inakuwa ngumu kama jiwe. Ukitaka kuondoka, mguu kwenye breki, hakikisha iko N au P maana kwenye D haiwaki, washa, utasikia pedali inashuka kidogo na hiyo ni kawaida, weka D, achia handbreki, ondoka. Hakuna haja ya kukanyaga mafuta wakati wa kuwasha, injekta inajipimia.

Ya kubonyeza: weka P, bonyeza mara moja izime. Kuwasha kanyaga breki kwanza ndo ubonyeze, ukibonyeza bila breki unapata umeme tu injini haiwaki, na watu wa nyuma hawana subira. Kwa hiyo izoee kwanza ukiwa nyumbani.

Manyuali: free (gia ikiwa haijaingia), handbreki, toa mguu kwenye klachi, zima. Ukiwasha kanyaga klachi mpaka chini, inaipunguzia stata mzigo.

Kingine ambacho watu hawakijui, gari nyingi ukizima swichi eabegi hazifanyi kazi na indiketa hazifanyi kazi. Ndo maana nasema zima pale ambapo umesimama kweli na nyuma yako pametulia, sio katikati ya barabara ya kasi kama ya kwenda uwanja wa ndege wa KIA, na usiku acha taa ndogo zikiwaka hata kama zinavuta betri.

MILIMANI, HAPA NAOMBA USOME POLEPOLE

Sisi tunaishi kwenye miteremko. Marangu kushuka Himo, Kibosho kushuka mjini Moshi, Ilboru kushuka Sakina, na ule ukuta wa bonde la ufa unaoshuka Mto wa Mbu ukitoka Karatu. Kuna madereva wanaweka free kwenye miteremko hii, na wachache wanazima kabisa injini gari inateremka yenyewe, wakiamini wanaokoa mafuta. Ndugu zangu, acheni. Gari inayotembea haizimwi, kamwe.

Kwanza breki. Injini ikizima ile nguvu ya kusaidia breki inaisha baada ya kukanyaga mara mbili tatu, na hapo una gari yenye watu inashuka kona. Pili usukani unakuwa mzito, na ufunguo ukienda LOCK ukachomoka usukani unafunga kabisa. Tatu, hata ile free bila kuzima injini inakuondolea msaada wa gia, breki zinabeba uzito wote peke yake, zinapata moto, zinafika mahali unakanyaga hazishiki.

Na cha kusikitisha ni kwamba hata mafuta hawaokoi. Gari ya injekta ikiwa kwenye gia, umetoa mguu kwenye mafuta na injini inazunguka juu ya sailensa, kompyuta inakata mafuta kabisa, injekta hazimwagi kitu, magurudumu ndo yanaizungusha injini. Ukiweka free inabidi imwage mafuta ya sailensa ili isizime. Kwa hiyo kwenye mteremko gia inakula sifuri na free inakula. Shuka na gia ya tatu au ya pili, otomatiki weka 2, L, S au B kulingana na gari yako, breki uzitumie kwa kukanyaga na kuachia. Watu wanapoteza maisha kwa kuokoa mafuta ambayo hayaokoki.

DIZELI, DALADALA, SAFARI NA BODABODA

Dizeli yenye tabo (turbo), Prado, Hilux za D4D na wengine, ukitoka kupandisha mlima au umekimbia muda mrefu usizime hapo hapo. Tabo bado ni ya moto sana na oili ikiacha kuzunguka inaungulia ndani yake. Ipe dakika moja ya sailensa, zima. Kwenye mizunguko ya mjini ambako hujaikaza haina haja ya kusubiri. Hii ya dakika moja naishauri pia kwa gari ndogo iliyotoka kupanda Marangu imebeba watu watano, maji yazunguke kidogo kwanza.

Daladala najua stori ya stendi, injini inawaka na gari inasogezwa mbele na nyuma ili abiria aamini tunaondoka. Kama gari ina foleni ya zamu na wa mbele yako bado anajaza, hakuna abiria unayemvuta kwa kuunguruma, unachoma hesabu ya bosi na yako. Washa ukifika zamu yako. Na kama mnaacha iwake kwa sababu stata ni mbovu inabidi isukumwe, basi mafuta mnayochoma kila siku ndo hela ya stata, itengenezeni.

Waongozaji wa safari wenye Land Cruiser za injini ya 1HZ, wengi mnazima mkifika kwa wanyama na mnajua kwa nini, picha hazitikisiki, wageni wanasikia sauti za porini, na injini hiyo ya lita 4.2 ikikaa sailensa ni karibu lita moja ya dizeli kwa saa. Kuwa mwangalifu na friji na chaji za kamera, kama huna betri ya pili vitakumalizia ile ya kuwashia. Na tembo akiwa karibu na hana raha, uamuzi wa kuzima au kuacha ni wa mwongozaji, mafuta yasiwe hoja hapo.

Bodaboda zima tu, kainjini kadogo kanawaka kirahisi, wengi mnafanya tayari.

ASUBUHI

Baridi ya mwezi wa sita na wa saba huku juu inafanya watu wawashe gari, warudi ndani kunywa chai, robo saa nzima inapasha. Gari ya injekta haihitaji hivyo. Washa, subiri nusu dakika oili ifike juu na mzunguko uanze kushuka, ondoka taratibu bila kuikaza kwa kilomita mbili tatu za kwanza. Inapata moto haraka ikitembea kuliko ikisimama, na ikiwa ya baridi sailensa yake inakuwa juu kwa hiyo inakula zaidi ya ile 0.7. Dizeli subiri taa ya hita izime ndo upige stata. Na usipashe gari ndani ya gereji iliyofungwa, ule moshi una gesi isiyo na harufu inayoua, hata mlango ukiwa wazi kidogo haitoshi.

KUJUA KAMA UMEOKOA KWELI

Njia safi ni kujaza tenki mpaka bomba likate lenyewe, unaandika kilomita, unatembea, unajaza tena sheli ile ile, kilomita ulizotembea gawa kwa lita ulizojaza. Fanya kwa tenki mbili ukiwa na mazoea yako ya zamani halafu mbili ukiwa unazima. Ila najua wengi tunaweka mafuta ya elfu kumi kumi na njia hiyo haiwezekani. Basi tumia daftari au simu, kila ukiweka mafuta andika lita sio shilingi, maana bei inabadilika, na kilomita siku ya kwanza na ya mwisho ya mwezi. Anza na umalize taa ya mafuta ikiwa imewaka, ili kiasi kilichobaki kwenye tenki kilingane. Mwezi mmoja wa zamani, mwezi mmoja wa kuzima, njia zile zile.

Kama mwezi wa pili hauna tofauti, kuna mambo mawili. La kwanza ni kwamba huenda husimami sana, wewe ni mtu wa Moshi–Arusha barabara nyeupe, na hapo angalia upepo wa tairi na mguu wako. La pili ni sailensa yenyewe. Angalia mshale wa mizunguko ya injini (RPM) ukiwa na injini ya moto, AC imezimwa, gari nyingi ndogo zinakaa kati ya 600 na 800. Ikiwa inakaa 1,000 na zaidi au inapanda na kushuka, mwambie fundi asafishe throto, aangalie eya klina, plagi na mipira ya hewa iliyopasuka kabla hajaanza kukuuzia sensa.